Uzi Unaposema: Darizi za Ghada Amer

Kauli ya Kiarabu kwamba sauti ya mwanamke ni aura, yaani jambo lipasalo kusitiriwa, hutajwa na wengi kana kwamba ni hadithi ya Mtume, ilhali ni msemo wa baadhi ya mafakihi ambao wenzao waliupinga. Surat al-Mujadila inafunguliwa kwa habari ya mwanamke aliyejadiliana na Mtume kuhusu mumewe, na Mwenyezi Mungu akayasikia maneno yake. Mwaka 2022, mjini Marseille, msanii Ghada Amer aliiandika kauli hiyo upya kwa kubadilisha herufi moja tu: ‘awra ikawa thawra, mapinduzi.

Amer alizaliwa Cairo mwaka 1963 na kuhamia Ufaransa angali mtoto. Chuoni alikosomea sanaa, darasa la uchoraji alilolitaka lilikuwa la wanaume, naye akashika sindano. Hadi leo anadarizi juu ya turubai, akiacha ncha za nyuzi zining’inie upande wa mbele na kuzigandisha kwa gundi, hata mtazamaji aliye mbali hudhani anaona rangi iliyochuruzika. Akisogea ndipo anapotambua kuwa chini ya vurugu ile mna mistari iliyoshonwa kwa utulivu mkubwa.

Kwa maoni yetu, kazi yake inayogusa mapokeo ya Kiislamu kwa kina zaidi ni ile ya mwaka 2001, ambamo maandishi ya Jawami‘ al-Ladhdha, kitabu cha zama za kati cha Ali ibn Nasr al-Katib, yamedariziwa kwa uzi wa dhahabu juu ya masanduku ya kitambaa. Amer alichagua zaidi sehemu zinazohusu uzuri na raha ya mwanamke, mambo ambayo mwandishi Mwislamu wa zama zile aliyaandika waziwazi. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea jina la kanga kusema kile ambacho mvaaji hakitamki, hatashangaa kuona nguo ikibeba maneno. Tofauti ni kwamba jina la kanga huchapwa ili lisomwe mara moja, ilhali masanduku haya yamepandanishwa, na baadhi ya mistari imefichwa na sanduku la jirani, hivi kwamba anayetaka kusoma hana budi kuinama na kuyazunguka.