Mwambata wa Kijeshi: Jina Hupelekwa kwa Mwenyeji Kwanza

Malalamiko yanayofika mezani kwetu, sisi tunaowafunza waambata wa kijeshi, siku hizi yanafanana. Kijana ameombwa atume fedha za "fomu ya ubalozi", ameahidiwa nafasi ya mwambata wa kijeshi, akaambiwa akae asubiri simu. Wapo pia wazazi wanaouliza mtoto aliyemaliza shahada ya uhusiano wa kimataifa apeleke barua ya maombi ubalozi gani. Kumjibu kila mmoja peke yake kunatuchukua siku nzima, na jibu ni lile lile, kwa hiyo nimeona niliandike hapa kwa urefu.

Mwambata wa kijeshi, yaani afisa anayeliwakilisha jeshi la nchi yake ubalozini, haajiriwi na ubalozi. Ni afisa aliyekwisha kulitumikia jeshi miaka mingi, mara nyingi mwenye cheo cha luteni kanali, kanali au zaidi, ambaye jeshi lake limemteua na nchi anayokwenda imeridhia kumpokea. Sehemu hiyo ya pili ndiyo wengi wasiyoijua, nayo ndiyo inayofanya nafasi hizi zisiweze kuuzwa na mtu yeyote. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kidiplomasia, uliotiwa saini tarehe 18 Aprili 1961 na kuanza kutumika mwaka 1964, unaiachia kila nchi uhuru wa kuteua watumishi wa ubalozi wake. Hata hivyo ibara ya 7 imewatenga waambata wa jeshi la nchi kavu, la majini na la anga: nchi mwenyeji inaweza kudai iletewe majina yao mapema ili iyaidhinishe. Katibu wa pili wa ubalozi hana sharti hilo. Mwambata analo, kwa sababu mwenyeji anamfungulia mlango mtu aliyefunzwa kuisoma kambi kwa kuitazama mara moja tu.

Naomba msomaji avumilie nieleze mlolongo wenyewe, maana humo ndimo matapeli wanamojificha. Jeshi huteua jina. Jina huingia kwenye upekuzi: mwenendo wa afisa, madeni yake, safari zake, jamaa zake walioko nje, na mwenzi wake pia. Likitoka salama, Wizara ya Ulinzi hulipeleka Wizara ya Mambo ya Nje, nayo hulipeleka kwa ubalozi wake ulioko katika nchi inayokusudiwa. Ubalozi ndio huandika barua ya kidiplomasia kwa mwenyeji, ikiambatana na wasifu: jina kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa, kozi alizopitia, vikosi alivyotumikia, na picha akiwa katika sare. Mwenyeji huuchunguza wasifu huo kwa muda wake mwenyewe. Huweza kuwa wiki kadhaa, huweza kuwa miezi. Akikataa, hakuna rufaa. Afisa hapewi tiketi wala hafungi mizigo kabla ya ridhaa hiyo, na barua hizi zote husafiri kati ya serikali na serikali. Hakuna hatua hata moja ambapo mwombaji analipia kitu. Anayekuambia ipo, anakuibia.

Hata baada ya kuwasili kazi haianzi siku hiyo hiyo. Ibara ya 10 inataka mwenyeji aarifiwe kuwasili kwake, yeye na familia yake. Hupewa kitambulisho cha mwanadiplomasia, huenda kujitambulisha katika ofisi ya wizara ya ulinzi ya mwenyeji inayoshughulikia waambata, kisha humwamkia mkuu wa waambata, ambaye kwa desturi ni yule aliyekaa kituoni muda mrefu kuliko wenzake. Afisa anayeruka salamu hizi huanza vibaya, na wenzake humkumbuka hivyo mpaka anaondoka. Huenda pia akapangiwa nchi zaidi ya moja akiwa anaishi katika mji mkuu mmoja. Ibara ya 5 inaruhusu, mradi nchi zote husika ziarifiwe na isiwepo inayopinga.

Jambo la pili linalochanganywa kila mara ni mwambata na mlinzi wa ubalozi. Hizi ni kazi mbili, njia mbili na mafunzo mawili. Usalama wa nje ya ukuta wa ubalozi ni wajibu wa mwenyeji. Ibara ya 22 inamtaka achukue kila hatua ifaayo kulinda majengo hayo. Ndani ya ukuta, kila nchi ina utaratibu wake. Marekani hutumia askari wa Marine, kwa makubaliano ya mwaka 1948 kati ya jeshi hilo na wizara ya mambo ya nje, na chuo chao kipo Quantico, Virginia. Ufaransa hutumia askari wa jandarmeri, jeshi lake linalofanya kazi za polisi. Hao ni askari wa vyeo vya kawaida, wengi wao vijana, na kazi yao ni lango, kamera, nyaraka za siri na uhai wa watumishi. Ni kazi ya heshima kubwa. Lakini askari wa lango hapandi kwa kukaa langoni akawa mwambata. Mwambata naye hashiki zamu ya lango.

Dhana inayonisumbua zaidi, na nitaisema wazi, ni kwamba mwambata ni jasusi aliyevikwa suti. Wapo vijana wanaotuandikia kwa sababu hiyo hasa, wakidhani ndiko kwenye msisimko. Ibara ya 3 inataja miongoni mwa kazi za ubalozi kufuatilia hali na mambo yanayotokea katika nchi mwenyeji, kwa njia zote halali, na kuyaripoti nyumbani. Neno zito hapo ni "halali". Mwambata husoma magazeti ya ulinzi, bajeti iliyojadiliwa bungeni na hotuba za makamanda. Hutazama magwaride, huzungumza na maafisa wa mwenyeji wakijua fika yeye ni nani, kisha huandika. Kila mtu katika chumba anajua yupo hapo kuangalia. Katika vita vya Urusi na Ujapani vya 1904 na 1905 maafisa wa mataifa mengi walikaa na majeshi ya pande zote mbili kwa idhini ya wenyeji wao. John Pershing, aliyekuja kuongoza jeshi la Marekani barani Ulaya katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa mmoja wao, akitokea kituo chake cha mwambata Tokyo.

Anayevuka mpaka huo huumiza watu asiowajua. Mwaka 1894 mwambata wa kijeshi wa Ujerumani mjini Paris, Maximilian von Schwartzkoppen, alikuwa akipokea siri kutoka kwa afisa wa Kifaransa, Ferdinand Esterhazy. Karatasi iliyoorodhesha siri hizo ilitupwa ikiwa imechanwa, na vipande vyake vikafika kwa idara ya upelelezi ya Ufaransa, ambayo ilikuwa ikiletewa takataka za ubalozi huo na mwanamke mfanya usafi. Aliyeshitakiwa hakuwa Esterhazy. Alikuwa Kapteni Alfred Dreyfus wa jeshi hilo hilo la Ufaransa, asiye na hatia, akapelekwa kifungoni katika Kisiwa cha Shetani, karibu na pwani ya Guyana ya Kifaransa, na hakusafishwa jina mpaka 1906. Franz von Papen naye alikuwa mwambata wa Ujerumani nchini Marekani. Desemba 1915 serikali ya Marekani ilidai aondolewe kwa kuhusishwa na hujuma. Akiwa njiani kurudi, Waingereza walimpekua katika bandari yao ya Falmouth na kukuta vishina vya kitabu chake cha hundi, vikionyesha nani alilipwa. Alikuwa na hakikisho la kupita salama, ila hakikisho hilo lilikuwa la mwili wake, halikuwa la mizigo yake. Kila kozi tunawasomesha maafisa visa hivi viwili.

Sasa mafunzo. Anayefika kwetu huwa amekwisha kupita chuo cha ukamanda na unadhimu, na hilo silielezi. Hapa hujifunza itifaki, sheria za kidiplomasia, usalama wa mawasiliano, uandishi wa taarifa, na nchi anayokwenda: historia yake, jeshi lake, watu wake. Lugha ndiyo inayokula muda mwingi. Katika chuo cha lugha cha jeshi la Marekani kilichopo Monterey, California, lugha nyepesi kwa Mwingereza au Mmarekani, kama Kihispania, huchukua wiki 36, na ngumu kama Kiarabu au Kichina huchukua wiki 64, kwa kusoma kutwa. Afisa anayetuambia atajifunza lugha akifika kituoni hatumpangii kituo.

Lipo zoezi tunalolirudia kila kozi. Darasa hugeuzwa ukumbi wa hafla, maafisa wakivaa sare rasmi zenye kamba za begani na kushika glasi za sharubati, wakufunzi wakijifanya wageni. Mkufunzi mmoja humsogelea afisa, humuuliza habari za watoto, husifu gwaride la asubuhi, kisha humpenyezea bahasha ndogo: "Ni ratiba ya kesho tu, Kanali, utaisoma ukifika nyumbani." Mwaka hadi mwaka, maafisa wazuri kabisa huitia mfukoni kwa adabu. Ndani huwa na ramani yenye mhuri wa siri, na pembeni ya ukumbi mkufunzi mwingine amekwisha kupiga picha. Tunachotaka ni mikono ibaki kwenye glasi, akatae kwa sauti ya kawaida, aondoke pale bila haraka, amwarifu balozi usiku ule ule, na aandike: saa ngapi, wapi, nani, maneno gani. Nimeona afisa aliyepigana vitani akitetemeka mkono baada ya zoezi hili. Huyo hujifunza haraka kuliko anayecheka.

Kazi za kila siku kituoni si za kusisimua, na ndizo zinazojenga amani. Meli ya kivita ikitaka kutia nanga katika bandari ya mwenyeji au ndege ya kijeshi kupita anga yake, mwambata ndiye hufuatilia kibali. Hupanga nafasi za maafisa kusoma katika vyuo vya upande wa pili, huandaa ziara za makamanda, na nchi ikichafuka husaidia mpango wa kuwaondoa raia wake. Barani Ulaya majeshi yana utaratibu wa kuarifiana, ulioandikwa katika Hati ya Vienna ya 2011. Humo zoezi la askari 9,000 au zaidi hutakiwa kutangazwa mapema, na likifikia 13,000 nchi nyingine hualikwa kutuma watazamaji.

Kuhusu adhabu, watu hudhani kinga ya kidiplomasia ni ruhusa. Dibaji ya ule Mkataba wa Vienna wa 1961 inasema lengo la kinga si kumnufaisha mtu binafsi, ni kuwezesha kazi ifanyike. Ibara ya 41 inamlazimu mwenye kinga kuheshimu sheria za mwenyeji na kutoingilia mambo yake ya ndani. Ibara ya 42 inamkataza biashara au kazi ya faida binafsi, kwa hiyo mwambata anayeuza magari pembeni amekwisha kuvunja Mkataba, hata kama anayauza kwa haki. Ibara ya 26 inampa uhuru wa kutembea, isipokuwa maeneo yaliyozuiwa kwa usalama wa taifa, na kupiga picha daraja karibu na kambi kumewaponza wengi. Nchi yake inaweza kumwondolea kinga chini ya ibara ya 32. Isipomwondolea, ibara ya 31 bado inasema kinga aliyonayo ugenini haimwepushi na mahakama za kwao, na kwa askari hiyo ni pamoja na mahakama ya kijeshi. Mwenyeji naye, kwa ibara ya 9, anaweza wakati wowote na bila kutoa sababu kumtangaza kuwa mtu asiyetakiwa. Hapo hurudishwa nyumbani, na wasifu wake ukipelekwa nchi nyingine siku za usoni, jambo hilo litaonekana.

Kijana anayeitaka kazi hii kwa dhati aanze na jeshi lenyewe: ajiunge kwa utaratibu unaotangazwa, apate kamisheni ya uafisa, aongoze askari vizuri, ajifunze lugha moja ya kigeni mpaka aweze kubishana nayo, alipe madeni yake. Shahada ya uhusiano wa kimataifa inasaidia, lakini afisa asiyejua kikosi hana cha kuzungumza na maafisa wenzake wa nje.

Na aliyekwisha kutuma fedha asifute ujumbe wala namba aliyotumia. Ahifadhi risiti za muamala, afike kituo cha polisi kilicho karibu naye, afungue jalada. Wapo wanaoona aibu kwa sababu walidhani wanalipia jambo la siri. Tunawaomba waende hata hivyo, kwa maana mtu yule yule huwa anawapigia wengine wiki hiyo hiyo.