Kujificha si kuingia darini na kufunga mlango

Jumamosi iliyopita kaka mmoja aliyekuja kutembea kutoka Mwanza alisimama mbele ya Prinsengracht 263, nyumba ambamo Anne Frank, msichana wa Kiyahudi, alijificha na familia yake Wajerumani wa Nazi walipoikalia Uholanzi. Akaitazama foleni ya watalii, akatikisa kichwa. "Lakini dada, hawa Wayahudi mbona hawakujificha tu wote? Walikosa dari?" Kundi zima likacheka. Na mimi nikacheka, mgeni haaibishwi. Nikarudi nyumbani nimefura kama andazi.

Natembeza watu Amsterdam kwa Kiswahili huu mwaka wa saba. Siku ambazo sina kundi nashinda kwenye hifadhi za nyaraka, nikisoma mafaili ya waliofichwa na waliowaficha. Swali hilo nimeulizwa na wanafunzi, wachungaji, mabibi harusi waliokuja fungate. Leo nalijibu mara moja, na anayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Tumalizane na dari kwanza. Familia ya Frank haikuishi darini. Iliishi achterhuis, nyumba ya nyuma: jengo la ghorofa kadhaa lililoungana na ofisi na ghala la mbele, la aina iliyo kawaida kwenye viwanja vyembamba vya mifereji ya hapa. Dari ilikuwepo, waliweka viazi na maharage. Basi.

Sasa neno lenyewe. Waholanzi walisema onderduiken, yaani kupiga mbizi. Mtu wa Dar analielewa upesi, kwa kuwa sisi tuna mzamiaji. Ila mzamiaji wetu anajibana melini majuma kadhaa, na bandari ikionekana anaibuka. Hawa walizama, wengi wao kuanzia Julai 1942 treni za kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz zilipoanza kuondoka, na hakuna aliyejua ataibuka lini. Aliye chini ya maji anahitaji mtu wa juu wa kumshushia pumzi kila siku. Kila siku, ikiwemo Jumapili na siku mtu huyo wa juu anapoumwa.

Mwaka 1940 Uholanzi ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000. Zaidi ya 100,000 waliuawa, karibu robo tatu. Ufaransa, kwa kulinganisha, ni kama robo moja. Waliopiga mbizi wanakadiriwa kuwa 28,000 hivi, na kati yao kama 16,000 waliufikia mwisho wa vita. Nasema wanakadiriwa kwa sababu aliyejificha vizuri haandikwi popote, na sisi watu wa nyaraka tunaishi kwa yaliyoandikwa.

Kwa nini hawakuwa wengi zaidi? Kwa sababu ilibidi uwe na anwani. Otto Frank, baba yake Anne, alikuwa mwenye biashara ya pektini na viungo, ana jengo, ana akiba, ana wafanyakazi waliompenda, na alikuwa ameanza kuandaa mahali miezi kadhaa kabla binti yake mkubwa, Margot, hajaitwa kwenda kazi Ujerumani tarehe 5 Julai 1942. Kesho yake wakahama. Sasa mchukue fundi cherehani wa mitaa ya Waterlooplein, ana mke, watoto watano na mama mzee, na majirani zake wote ni Wayahudi kama yeye. Ameshaandikishwa tangu 1941 kwa amri, kitambulisho chake kina herufi J, na tangu Mei 1942 ana nyota ya njano kifuani. Barua inamwambia anakwenda kufanya kazi Ujerumani. Nani atawapokea watu wanane? Mwambie basi ajifiche tu.

Kwa hiyo ile picha ya familia nzima pamoja, chini ya paa moja, miaka miwili, ndiyo iliyotupotosha. Tunaijua kwa sababu Anne aliandika shajara, na aliandika vizuri. Lakini ilikuwa nadra. Wengi walitawanywa: baba kwa mkulima kaskazini, mama kwa mjane mjini, watoto kwa watu ambao wazazi hawakuambiwa majina yao, ili wakikamatwa wasiwe na la kutaja. Na wengi walihamishwa na kuhamishwa tena, kwa sababu jirani kauliza, mwenyeji kapata hofu, au chakula kimekwisha.

Chakula. Hapa naomba subira yako, maana hapa ndipo nchi nzima ilipokuwa. Kila kitu cha maana kiliuzwa kwa kuponi za mgao, na kuponi zilitolewa kwa mtu aliyeandikishwa. Aliyezama hana kuponi. Nyumba ya nyuma ya Prinsengracht ilifika kuwa na watu wanane: wa Frank wanne, wa van Pels watatu, na Fritz Pfeffer aliyeingia Novemba 1942. Waliowahudumia ni wafanyakazi wa ofisi ya Otto na jamaa zao. Miep Gies alinunua mboga na nyama. Bep Voskuijl, msichana wa miaka ya ishirini na kitu, alihangaikia maziwa. Johannes Kleiman alikuwa na rafiki muuza mikate. Jan, mume wa Miep, alipata kuponi kupitia watu wa siri wa upinzani. Victor Kugler aliuza viungo bila kuviandika vitabuni, fedha ikaenda kwa waliojificha. Baba yake Bep ndiye aliyetengeneza ile kabati ya vitabu iliyoficha mlango. Wahesabu. Halafu uniambie tena kwamba aliyewaficha ni shujaa mmoja.

Ongeza muuza mboga, Hendrik van Hoeve, wa Leliegracht, karibu tu na hapo. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliona mwanamke mmoja akibeba viazi vya watu wengi, akanyamaza, akawa anamwekea. Mtu wa namna hii hamumkuti kwenye mabango. Tarehe 25 Mei 1944 alikamatwa, kwa kosa lake mwenyewe: nyumbani kwake alikuwa ameficha Wayahudi wawili. Akapelekwa kambini, akarudi hai. Siku ile ile nyumba ya nyuma ikapungukiwa viazi.

Tuje kwenye jambo linalonichosha kuliko yote: pesa. Nikitaja kwamba waliofichwa wengi walilipa, nyuso zinabadilika. "Kumbe walikuwa wafanyabiashara!" Ndugu zangu, mbona nyumba za kupanga mnazijua? Mwenye nyumba mwenye chumba na sahani moja ya ziada anatoa wapi mkate wa kuponi hewa, ambao bei yake ya magendo ni mara kadhaa ya bei ya dukani? Walikuwepo waliopokea gharama ya chakula tu. Walikuwepo waliopokea kodi ya haki. Walikuwepo waliopandisha kila mwezi wakijua mpangaji hawezi kutoka, na akiba ilipokauka wakamtoa usiku. Na wapo walioanza na tamaa, wakamzoea mtu, wakaendelea kumlisha bure. Hao wa mwisho nakutana nao mara kwa mara kwenye mafaili, na sijui niwaweke kapu gani.

Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ambao tangu 1963 wanawatunuku Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa, yaani wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi, wana kanuni: malipo yasiwe sharti la msaada. Kurudishiwa gharama hakumwondoi mtu. Kwa heshima ni kanuni nzuri. Kwa historia inaacha nje watu wengi ambao bila wao aliyezama asingepumua. Waholanzi waliotunukiwa ni kama 6,000, na wenzangu wengine huichukua hesabu hiyo kuwa ndiyo idadi ya waliosaidia. Siyo. Tena inategemea mnusurika aliyebaki hai kusimulia. Aliyemficha mtu miaka miwili kisha mtu akakamatwa na kuuawa, nani atamtolea ushahidi? Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwa uhakika kuhusu "tabia za waokoaji". Leo makala ile nisingeichapisha.

Upande wa pili nao ulikuwa na bei. Mwaka 1943 kikundi cha Waholanzi, kikiongozwa na Wim Henneicke, kililipwa guldeni 7.50 kwa kila Myahudi kitakayemkamata. Baadaye kiwango kikapanda. Ndani ya miezi michache walikamata zaidi ya 8,000. Kwa hiyo mwenye nyumba hakumwogopa Mjerumani peke yake. Alimwogopa mtu anayezungumza lugha yake, anayejua mtaa, anayebisha hodi kwa adabu.

Adhabu ya mwenyeji? Poland ilikuwa kifo. Hapa ilibadilika-badilika: wengine kambini, wengine wiki chache, wengine hawakurudi. Kugler na Kleiman walikamatwa pamoja na watu wao tarehe 4 Agosti 1944. Miep na Bep hawakuchukuliwa. Nani alisaliti? Haijathibitishwa, na kila anayekuuzia jina anakuuzia dhana. Hata kwamba kulikuwa na msaliti si lazima.

Swali jingine ninaloulizwa: upinzani ulikuwa wapi? Ulichelewa. Shirika kubwa la kuwasaidia waliojificha, LO, lilianzishwa mwishoni mwa 1942 na Helena Kuipers-Rietberg na mchungaji Frits Slomp, likapata nguvu 1943 vijana wa Kiholanzi walipoanza kukwepa kupelekwa kazi za lazima Ujerumani. Wakati huo treni nyingi zilikuwa zimeshaondoka. Kabla ya hapo kazi ilifanywa na watu kama Johannes Bogaard, mkulima wa Nieuw-Vennep aliyekuwa akienda mwenyewe Amsterdam kuchukua watu. Msaada wake unahesabiwa kwa watu wapatao 300, na shamba lake lilivamiwa zaidi ya mara moja.

Na watoto. Ng'ambo ya ukumbi wa Hollandsche Schouwburg, ambako Wayahudi walikusanywa kabla ya treni, kulikuwa na nyumba ya kulelea watoto ya Henriëtte Pimentel. Yeye na Walter Süskind, Myahudi aliyesimamia shughuli za ukumbi huo, na Johan van Hulst wa chuo cha ualimu jirani, waliwatoa watoto kama 600. Tramu ikisimama katikati ya barabara, mlinzi haoni mlango. Basi unatoka nao. Mtoto akipewa jina jipya aliambiwa aseme anatoka Rotterdam, nyumba imepigwa bomu. Vita vikaisha, kati ya watoto wa Kiyahudi walionusurika nchi nzima zaidi ya 2,000 hawakuwa na wazazi wa kuwafuata. Tume ikaundwa kuamua wakae na nani, na mabishano yake yalikuwa machungu: mtoto wa miaka mitano anamwita mama mwanamke mmoja tu duniani, na shangazi aliyerudi kutoka kambini yuko mlangoni akiwa na picha mkononi.

Kaka wa Mwanza alinitumia ujumbe jioni ile, anashukuru, anauliza kama kuna matembezi mengine Jumamosi. Yapo. Safari hii hatuanzii kwenye foleni. Tunakutana Leliegracht saa nne asubuhi, na kila mtu aje na kilo tano za viazi. Tutazibeba hadi Prinsengracht, kisha nitawauliza nani kati ya majirani ameona.