Mtoto ana aleji ya karanga, sisi ndugu na majirani tumsaidieje mama yake?

Uji wa lishe si ndo afya yenyewe, unamdhuruje mtoto?
Kwa watoto wengi ni chakula kizuri sana, ila angalia kilichomo: karanga, soya, ngano, wengine wanatia mpaka dagaa, na vyote hivyo vinaweza kuleta aleji. Halafu hata ukimwambia muuzaji pale soko la Kilombero, Arusha, asitie karanga, kama mashine ni ileile imetoka kusaga mzigo wa mwenzio wenye karanga, unga unachanganyika tu. Ndo maana unaona familia nyingine wanasaga wenyewe nyumbani, msiwacheke.

Bibi yake Marangu anasema kidogo tu hakina shida, mama anamdekeza.
Hapa ndo wamama wanaumia kimyakimya. Desemba mnapanda nyumbani, kila shangazi anataka kumlisha mtoto, mama akikataa anaambiwa ana maringo ya mjini. Jamani, kidogo kinaweza kuua, na mtoto ambaye mara ya kwanza alitoka vipele tu mara nyingine anaweza kubanwa pumzi kabisa. Mimi naona baba ndo aongee na mama yake mapema kabla hamjafika, maana mkwe hawezi kubishana na bibi mbele ya ukoo. Na nyie wengine muulizeni tu, mtoto anakula nini, tumpikie nini, kisha mwiko na sufuria yake viwe safi, mkono ulioshika karanga unawe kwa sabuni kabla ya kumbeba.

Akinywa maziwa anaharisha, ni aleji?
Sio lazima. Muone daktari kwanza, usimkatie vyakula hovyo akaja kupata utapiamlo.

Shuleni je?
Mwalimu, mpishi na dada wa nyumbani wote wajue, ila asitengwe mezani na wenzake.

Dalili za hatari ni zipi na tufanyeje?
Mara nyingi zinakuja ndani ya dakika chache mpaka masaa 2: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika. Akikohoa mfululizo, kifua kikilia, sauti ikibadilika au akilegea, hiyo ni dharura. Piriton, ile dawa ya aleji ya kunywa, inapunguza muwasho tu, haifungui koo, dawa yenyewe ni sindano ya adrenalini inayochomwa pajani. Mlaze, kama anapumua kwa shida mkalishe, usimtembeze, tafuta gari au bajaji, bodaboda hapana. Nenda hospitali ya karibu, usipite vituo vyote ukikimbilia hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi au Mount Meru ya Arusha, na ukifika getini tu sema kala nini na anashindwa kupumua. Akipata nafuu msiondoke haraka, mwacheni aangaliwe, inaweza kurudi baada ya masaa kadhaa.