Matiti na maziwa ya wanawake waliobadili jinsia (waliozaliwa na mwili wa kiume): yanayosemwa na yaliyo kweli

"Akianza homoni tu, maziwa yanatoka."
Hayatoki. Titi kukua ni kazi moja na titi kutoa maziwa ni kazi nyingine, na uvumi mwingi kuhusu jambo hili huzaliwa pale watu wanapozichanganya. Estrojeni, homoni ya kike, hukuza tishu na mirija ya titi. Maziwa yanataka prolaktini, homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na yanataka titi linyonywe au likamuliwe mara kwa mara. Tena estrojeni na projesteroni (homoni inayopanda wakati wa ujauzito) zikiwa juu sana huyazuia. Ndiyo maana hata mjamzito ambaye matiti yake yamejaa hupata maziwa kwa wingi baada tu ya kujifungua, kondo likishatoka na homoni hizo zikishuka.

"Mwili uliozaliwa wa kiume hauna pa kutolea maziwa."
Waulize wakunga. Vichanga, wa kike kwa wa kiume, wakati mwingine hutokwa na maziwa kidogo kwa sababu ya homoni za mama zilizobaki mwilini mwao. (Na wanaomkamua mtoto ili "yaishe" waache, wanamtafutia uvimbe na usaha.) Chanzo cha tishu kipo kwa kila mtu, baada ya balehe ya kiume hubaki kimelala. Estrojeni ikiunganishwa na dawa za kuzuia testosteroni, hadubini huonyesha vifuko vya maziwa vinavyofanana na vya wanawake wengine.

"Basi kunyonyesha ni hadithi za mtandaoni."
Mwaka 2018 madaktari wa New York waliandika katika jarida la kitabibu habari za mwanamke wa miaka 30 aliyebadili jinsia. Mwenzi wake alikuwa mjamzito na hakutaka kunyonyesha, yeye alitaka. Alikuwa ametumia homoni kwa miaka kadhaa. Wakampandisha estrojeni na projesteroni kuiga ujauzito, wakampa domperidoni, dawa ya kichefuchefu ambayo pia hupandisha prolaktini, naye akawa anatumia pampu ya maziwa kila siku. Kabla mtoto hajazaliwa alishafikia takriban mililita 230 kwa siku. Kwa wiki sita mtoto alilishwa maziwa yake tu, akakua vizuri. Kisha akaongezewa maziwa ya kopo, kwa hofu kwamba ya mama huyo hayatoshi. Nasisitiza hilo la mwisho, maana wanaoshangilia habari hii hulisahau. Wanachosahau pia ni kwamba domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na Marekani haijaidhinishwa. Si dawa ya kuagiza kwa rafiki.

Maziwa yenyewe je? Uchunguzi mwingine, uliochapishwa 2023, ulikuta protini, mafuta na sukari kwa viwango vya maziwa ya kawaida ya mama. Lakini huyo ni mwanamke mmoja, na dawa anazotumia kila anayenyonyesha lazima daktari azikague moja baada ya nyingine.

"Ongeza dozi, matiti yatakuwa makubwa."
Hapa ndipo watu wanapoumia. Matiti huanza kukua kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na hufikia kikomo baada ya miaka 2 hadi 3. Wengi huishia na matiti madogo kuliko walivyotarajia. Dozi ya ziada haibadilishi hilo; inachoongeza ni hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

"Ukiacha homoni yanarudi kama zamani."
Hayarudi. Yanaweza kupungua kidogo, lakini tishu iliyoota huondolewa kwa upasuaji.

"Maziwa yakitoka yenyewe ni dalili njema."
Ni dalili ya kupima prolaktini. Huenda sababu ni dawa, kama siproteroni (ya kuzuia testosteroni) au risperidoni (ya magonjwa ya akili), au uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Maumivu ya kichwa yakiambatana na kuona vibaya pembeni, usingoje.

"Saratani ya matiti haiwahusu."
Uholanzi walifuatilia wanawake 2,260 waliobadili jinsia; matokeo yalitoka 2019. Kumi na watano walipata saratani ya matiti, uwezekano mkubwa mara 46 kuliko wa wanaume, ingawa ni kama theluthi ya ule wa wanawake wengine. Uvimbe mgumu, ngozi iliyobonyea au chuchu ya upande mmoja inayotoa damu, daktari aonyeshwe wiki hiyohiyo, naye aambiwe homoni zote zinazotumika, hata zile zilizonunuliwa bila cheti.