Mashine ya kuchomelea kwenye soketi ya nyumbani

Wiki iliyopita niliifungua plagi ya mteja mmoja, fundi mageti anayefanyia kazi uani kwake hapa Dar es Salaam. Pini ya laini ilikuwa imegeuka rangi kama chai kavu, plastiki iliyoizunguka ilikuwa imelainika kiasi kwamba pini inacheza, na mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha waya wa shaba kilichokunjwa mara tatu. Alinieleza kwamba fyuzi zilikuwa zikimsumbua, akaamua kuachana nazo. Mashine yake ilikuwa nzima kabisa, na ndiyo maana hakuona tatizo.

Soketi zetu za pini tatu zimetengenezwa kwa ampea 13. Ukichomelea kwa rodi ya milimita 2.5 ukiwa umeweka ampea 100, kwenye ncha ya rodi kuna takriban volti 24, yaani wati 2,400. Inveta ya kawaida, yaani mashine ndogo ya kuchomelea ya kielektroniki, hupoteza sehemu ya umeme kama joto, na zile za bei nafuu huuvuta umeme kwa vishindo badala ya kuuvuta kwa ulaini, hivyo ukutani mashine hiyo inaweza kuvuta ampea 17 au 18. Ukishuka hadi ampea 60 kwa rodi ya milimita 2, mvuto unakuwa karibu ampea 10, na hapo soketi inapumua. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba jioni, umeme wa mtaa unaposhuka hadi volti 190, inveta haipunguzi mvuto bali inauongeza, kwa sababu inatafuta nguvu ileile kutoka kwenye volti chache.

Wengine hudhani kwamba maadamu breka haijaruka, hakuna hatari. Soketi za nyumba nyingi zimefungwa kwa mzunguko wa waya wa milimita mraba 2.5 unaolindwa na breka ya ampea 32, na breka hiyo haina habari na ampea 18 zinazopita kwenye plagi moja. Mlinzi wa plagi ni fyuzi iliyo ndani yake, nayo si nyepesi kukatika: fyuzi ya ampea 13 inaweza kubeba ampea 20 kwa muda mrefu huku vibanio vinavyoishika vikizidi kupata moto na kulegea. Kibanio kilicholegea huzalisha joto zaidi, na joto hilo hukilegeza zaidi. Ukiweka waya badala ya fyuzi, mlinzi pekee aliyekuwapo umemfukuza.

Kabla ya kununua, soma kibati kilicho nyuma ya mashine. I1max ni mvuto wa juu kabisa, na I1eff ni mvuto uliokadiriwa pamoja na vipindi vya kupumzika. Iwapo I1eff inazidi 13, mashine hiyo haifai kutumiwa kwa nguvu zake zote kwenye soketi ya kawaida, hata kama muuzaji ameifunga plagi ya pini tatu.

Eksitensheni nayo ina hesabu yake. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30 hupoteza zaidi ya volti 17 kwa mvuto wa ampea 20, ilhali wa milimita mraba 2.5 hupoteza karibu volti 11. Ukunjue wote, kwani uliozungushwa kwenye gurudumu lake hujipika wenyewe.

Kwa mteja wangu tulitumia njia ya jiko la umeme, ambalo hakuwa nalo. Njia hiyo ilikuwa na waya wa milimita mraba 6 na breka yake ya ampea 32, nasi tukaimalizia kwenye soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 32. Soketi ndogo iliyo pembeni ya swichi ya jiko tuliiacha, kwa kuwa nayo ni ya ampea 13 kama zingine. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Limebaki banio la kurudishia mkondo, lile lililo kwenye waya wa pili wa mashine. Ukilibana kwenye bomba au kwenye nguzo ya tangi kwa sababu tu ni chuma kilicho karibu, mkondo wa kuchomelea wa ampea 80 au 100 hutafuta njia ya kurudi kupitia waya wa ethi wa nyumba, ambao mara nyingi ni mwembamba kuliko kalamu, na gamba lake huyeyuka ndani ya bomba la ukutani ambako hakuna anayeuona. Libanwe kwenye chuma kilekile kinachochomelewa, karibu na mshono, mahali palipopigwa msasa hadi rangi na kutu vikatoka.