Chuma ni habari ya joto: dhana potofu za karakana ya nyumbani na ukweli wake

Ukikaa na watu wanaopenda kuchezea chuma nyumbani, wale wa kuunda stendi, kukarabati toroli, kurudisha bawaba ya geti, utasikia mambo yaleyale yanarudiwa kama sheria na mengi siyo kweli. Hapa nimechukua yale yanayoharibu vifaa na yale yanayoumiza watu, na ukiyaangalia vizuri mengi yana mzizi mmoja, tunadhani kufanya kazi na chuma ni habari ya nguvu kumbe kwa sehemu kubwa ni habari ya joto, linatoka wapi, limefika kiasi gani na limeacha nini nyuma.

"Zungusha kasi ndo itoboe haraka"

Hii ndo inayomaliza keekee (zile ncha za kutobolea) za watu. Drili ikizunguka kasi kupita kiasi makali hayakati, yanasugua, kusugua kunaleta joto, joto linaua makali, makali yakifa yanasugua zaidi, na hapo mtu anasukuma kwa kifua chote anapata mlio na moshi tu. Kwa chuma cha kawaida na keekee ya HSS (chuma kigumu kinachovumilia joto) kuna hesabu ya haraka, chukua 8000 gawanya kwa kipenyo cha keekee kwa milimita, jibu ndo mizunguko kwa dakika. Keekee ya milimita 3 inataka kama 2,700 hivi, ya milimita 10 inataka 800 tu! Wengi wanaendesha ile ya 10 kwa spidi ya ile ya 3 halafu wanalaumu keekee.

Stenlesi tumia 4000 badala ya 8000, na hapo sasa kandamiza kweli na uweke oili, kwa sababu stenlesi ukiisugua bila kuikata inakuwa ngumu palepale kwenye uso na keekee inayofuata nayo haitaingia. Polepole, ukandamize, usiiache inazunguka bure ndani ya tundu. Ukiona inatoa nyuzi ndefu zinazojikunja, uko sawa.

Na keekee ikigeuka bluu watu wanasema imekufa, itupe. Inategemea. Kama ni chuma cha kaboni, zile za bei ya chini, ndiyo, bluu maana yake imefika kama nyuzi joto 300 za Selsiasi na ugumu umeshaondoka. HSS inavumilia mpaka karibu nyuzi 550 au 600, kwa hiyo rangi peke yake haijaiua, inoe uendelee na kazi. Ila wakati wa kunoa HSS ikiwa na moto sana usiichovye kwenye maji ghafla, inaweza kupata nyufa ndogo ambazo huzioni.

Glavu kwenye drili ya meza au lathe (mashine inayozungusha chuma ukichonge), hapana kabisa. Glavu ikinaswa inavuta mkono mzima, ngozi tupu inaweza kukatwa lakini haijiviringi. Funga kitu kwa jiliwa au klempu, kunja mikono ya shati, basi.

"Chuma chochote ukikipasha kikawa chekundu ukachovya kwenye maji kinakuwa kigumu"

Kinachofanya chuma kikubali kuwa kigumu ni kaboni. Chuma cha kawaida cha pembe na mabomba ya mraba kina kaboni kama asilimia 0.2 au chini ya hapo, unaweza kukichovya mpaka jioni na hutaona tofauti ya maana. Inaanza kuleta maana kwenye asilimia 0.4 kwenda juu. Tupa (ile ya kusugulia chuma) nzuri ya kizamani ina kama asilimia 1 au zaidi, ndo maana watu wanaifanya patasi na visu. Nondo ya ujenzi usiitegemee, moja inaweza kukubali na nyingine ikagoma maana haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Usibahatishe, kata kipande kidogo, kipashe mpaka sumaku iache kushika (hiyo ni karibu nyuzi 770), ongeza moto kidogo, chovya, halafu pitisha tupa juu yake. Tupa ikiteleza bila kung'ata, kimekubali. Ikichimba, ni chuma cha kawaida, tafuta kingine.

Alafu kuna nusu ya kazi ambayo watu wanaisahau kabisa. Chuma kikitoka kwenye maji au oili kikiwa kigumu hivyo kinavunjika kama glasi, ukipiga patasi ya namna hiyo na nyundo kipande kinaweza kuruka usoni. Lazima ukipashe tena, kidogo, hapohapo usingoje kesho. Kisafishe king'ae halafu angalia rangi inavyotembea juu yake, rangi ya majani makavu ni kama nyuzi 220 mpaka 230, hiyo ni ya kisu, bluu karibu 300, hiyo ni ya springi na vitu vinavyopokea kishindo, patasi ya kupigwa nyundo iko katikati ya hizo mbili.

"Kunywa maziwa kabla ya kuchomelea mabati"

Hii inanisumbua roho kwa sababu mtu anaisema kwa nia njema kabisa. Zinki iliyopakwa juu ya bati au bomba inachemka kwenye nyuzi 907, chuma chenyewe kinayeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla weldi haijashika zinki imeshakuwa moshi mweupe. Moshi unaingia kwenye mapafu, maziwa yanaingia tumboni, hayakutani popote. Saa 4 mpaka 10 baadaye unapata homa, baridi, mwili kuuma na ladha ya chuma mdomoni, na kwa sababu inakuja usiku watu wanadhani ni mafua. Kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili, na kwa kuwa iliisha na maziwa yalinywewa basi maziwa yanapewa sifa.

Kinachosaidia ni kuondoa zinki kabla, sentimita kadhaa pande zote za unapochomelea, kufanyia kazi nje au penye hewa inayopita, kutokuweka kichwa juu ya moshi, na kuvaa barakoa ya chujio ya moshi wa chuma. Kitambaa hakichuji kitu.

Kingine kibaya kuliko zinki ni kusafisha chuma kwa dawa ya breki halafu kuchomelea. Baadhi ya dawa hizo zina kloroni, na joto na mwanga wa weldi vinaigeuza kuwa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika kuua watu kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Tumia asetoni, iache ikauke kabisa, kopo liweke mbali.

"Bolti imeganda, tafuta spana ndefu"

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndo maana nati inabanwa, na spana ndefu inaishia kukata bolti. Pasha nati, siyo bolti. Nati ya milimita 10 ikipanda nyuzi 300 inapanuka kama milimita 0.036, inaonekana siyo kitu lakini inatosha kuvunja ile kutu. Kaza kidogo kwanza, ndo ulegeze, nenda rudi nenda rudi. Usipashe iliyomwagiwa oili ya kupuliza, itawaka, na bolti ambazo hujui zimepakwa nini usizipashe ndani ya chumba, zingine za zamani zina kadimiamu na moshi wake unaua.

Ikishakatika, chomelea nati juu ya kisiki, joto na mshiko unavipata kwa pamoja. Zile ekstrakta, skrubu za kung'olea kisiki zinazozungushwa kinyume, ni ngumu na zinavunjika kirahisi, na ikivunjikia ndani keekee ya kawaida haiitoboi.

Grenda nayo, kuna watu wanatoa kava ili diski kubwa iingie. Diski ya milimita 230 mwisho wake kawaida ni mizunguko 6,600 kwa dakika na imeandikwa juu yake, grenda ndogo inazunguka karibu 11,000. Ikipasuka hakuna atakayewahi kukwepa.

La mwisho, weldi nzuri kwa macho siyo lazima iwe imeingia, inaweza kuwa imekaa tu juu. Chukua vipande viwili vya chakavu vyenye unene uleule wa kazi yako, chomelea upande mmoja, bana kwenye jiliwa upinde kwa nyundo mpaka vikunjike au weldi iachie. Ikibanduka nzima upande mmoja, ongeza ampea, safisha chuma king'ae, jaribu tena kabla hujagusa kazi yenyewe.