Viwango vya usalama na utangamano wa sumakuumeme: kifaa kimoja, maswali mawili

Washa redio ndogo, itafutie stesheni inayosikika kwa mbali, kisha uwashe karibu yake taa ya LED iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa. Mara nyingi redio itaanza kukoroma. Taa yenyewe haijaharibika: inatoa mwanga, haimpigi mtu shoti, haichemki kupita kiasi. Kwa swali la kwanza ambalo viwango huuliza, yaani kama kifaa kinaweza kumdhuru mtu au kuchoma nyumba, pengine imefaulu. Imeanguka kwenye swali la pili: je, kifaa kinaweza kuishi na vifaa vingine bila kuvisumbua, na bila chenyewe kusumbuliwa navyo? Swali hilo la pili ndilo linaloitwa utangamano wa sumakuumeme. Kwenye karatasi za vifaa utaliona kwa kifupi chake, EMC.

Usalama hauna fumbo kubwa. Viwango vingi vinatoka IEC, chombo cha kimataifa cha viwango vya umeme kilichoanzishwa London mwaka 1906. IEC 60335 ni ya pasi, friji, blenda na wenzao. IEC 62368-1 ni ya televisheni, kompyuta na chaja. Maabara huchukua kidole cha bandia chenye viungo na kukiingiza kwenye kila upenyo. Kikigusa chuma chenye umeme, kifaa kimefeli. Plastiki iliyo karibu na viungio vya umeme huguswa kwa waya uliopashwa moto, mara nyingi hadi nyuzi joto 750, kuona kama itaendelea kuwaka. Ndani ya chaja, upande wa volti 230 na upande wa volti 5 hutenganishwa kwa milimita 5 hivi au zaidi. Pasua chaja feki uone nafasi hiyo ilivyobanwa.

EMC ina pande mbili. Ni kama wapangaji wa nyumba moja: mmoja hatakiwi kupiga muziki usiku kucha, na mwenzake hatakiwi kuamshwa na kila kikohozi. Upande wa kwanza ni utoaji. Chaja na taa za siku hizi hukata na kuunga umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato huzaa kelele. Nyingine hurudi kwenye waya wa ukutani, na hupimwa kati ya kilohezi 150 na megahezi 30. Nyingine huruka hewani, na hupimwa kuanzia megahezi 30 kwenda juu. Redio za FM ziko kati ya megahezi 87.5 na 108, katikati kabisa ya vurugu hiyo. Mipaka ya kelele huwekwa na CISPR, kamati iliyoanza mwaka 1934 kwa sababu ya redio hizo hizo.

Upande wa pili ni ustahimilivu. Kifaa hupigwa umeme tuli wa volti 4,000 kwa kuguswa na 8,000 kupitia hewani, kisha waya wake hupitishiwa msukumo wa volti 1,000 hadi 2,000, tena umeme hushushwa ghafla na kurudishwa. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, eneo lenye radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, hasa usiku, huu ndio upande wenye faida ya kuonekana. Lakini kiwango hakiahidi miujiza: radi ikipiga nguzo ya jirani, televisheni iliyofaulu majaribio yote bado inaweza kufa.

Viwango hivi viwili hukutana, na pengine kugombana, ndani ya kijipande kimoja chenye miguu miwili, mara nyingi cha buluu: kapasita ya daraja Y. Kazi yake ni ya EMC, kuzirudisha kelele zilikotoka kabla hazijatoka nje kupitia kebo. Ili ifanye hivyo, lazima ikae kati ya upande wa volti 230 na upande unaoshikwa na mtu, pale pale ambapo usalama unataka pasipite kitu. Ndiyo maana hujaribiwa kwa ukali kuliko kapasita ya kawaida: hata ikiharibika, haitakiwi kugeuka njia ya umeme. Ukubwa wake nao una mpaka. Ya nanofaradi 2.2, kwenye volti 230 na hezi 50, hupitisha takriban miliampia 0.16. Ukiikuza ili kelele zipungue zaidi, mkono wa mtumiaji unaanza kutekenywa. Mtengenezaji wa chaja feki hubana fedha kwa njia mbili. Akiiondoa, redio inakoroma na skrini ya simu inajibofya yenyewe ikiwa kwenye chaji. Akiweka ya kawaida, siku ikifa vibaya volti za ukutani zinafika kwenye simu, nayo haitoi dalili yoyote kabla ya siku hiyo.

Kompyuta ya mezani ina kapasita za namna hiyo, moja kutoka waya wa moto na moja kutoka nyutro, zote zikiishia kwenye boksi la chuma lililoungwa na ethi, yaani waya unaoshuka ardhini. Na si ajabu kukuta soketi ambayo tundu lake la tatu halina kitu nyuma yake. Hapo boksi hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani, yaani kama 115. Mkondo ni mdogo, unauma-uma tu, na mwenye kompyuta atamlaumu muuzaji. Kompyuta ni nzima; nyumba ndiyo yenye kasoro.

Mwanza ethi ina shida yake. Nyumba za milimani, kama za Isamilo au Bugando, zimekaa juu ya miamba ya itale, na fimbo ya ethi haiendi mbali kabla ya kugonga jiwe. Tuseme ukinzani wake ni omu 100. Waya wa moto ukigusa bodi ya friji, zitashuka ampia 2.3 tu, na breka ya ampia 32 haitashtuka. Kikata umeme cha mvujo, ambacho mafundi hukiita RCD, cha miliampia 30 kitakata mara moja. Kwenye mwamba mimi sikihesabu kuwa anasa, hata kama fundi ameunganisha fimbo kadhaa.

Alama? Viwango vya bidhaa nchini Tanzania viko chini ya TBS, shirika la viwango, na vifaa vya mawasiliano kama simu na ruta huhitaji pia idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. CE ni ya soko la Ulaya, na kwa vifaa vingi vya umeme ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Kuichapa kwenye plastiki ni kazi ya dakika moja.

Ziwani mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa redio ya VHF ya chomboni ndiyo ya kuombea msaada, kwenye chaneli 16. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba taa za LED zilizofungwa vyomboni zilikuwa zikivuruga redio hizo. Kipimo walichopendekeza hakihitaji maabara. Zima taa zote za LED, weka VHF kwenye chaneli tulivu, kisha zungusha kitufe cha kunyamazisha mvumo (squelch) mpaka mvumo ukatike tu, usizidishe hapo. Sasa washa taa. Redio ikianza kuvuma tena, taa hiyo ndiyo inayoisumbua. Ihamishe mbali na antena au ibadilishe kabla ya safari.